Kikundi cha Ploti: Nani Anakanyaga Pedali?

Mama Shiru: Majirani habari za asubuhi. Chemba ya nyuma imefurika tena. Maji yenu nyote wa juu yanaibukia bafuni kwangu. Nani alikuwa anafua usiku?

Kevo: Pole sana Mama Shiru. Mimi nina dawa. Kuna jamaa huko Mutindwa anakodisha mashine ya kuzibua, ile ya umeme yenye springi ndefu ndani ya dramu. Ukikanyaga pedali dramu inazunguka, springi inaingia kwa bomba. Tuchange, Jumamosi tujifanyie wenyewe. Mimi nashika springi, Brayo anakanyaga pedali. Nimeona video, ni rahisi tu.

Baba Halima: Niko ndani. Fundi wa mwezi jana alitukamua.

Mzee Musa: Kevo kijana wangu, hapo kwa Brayo kukanyaga pedali hapana.

Kevo: Kwani Mzee? Kazi si inaenda haraka tukiwa wawili?

Mzee Musa: Nisikize. Kichwa cha springi kikinasa kwa mizizi, dramu haijui. Inaendelea kuzunguka, springi inajisokota huku nje ilipo mkono wako, halafu inaruka na kujipinda. Wa kwanza kuhisi ni wewe uliyeshika, inakuwa ngumu ghafla. Sasa wewe useme "Brayo toa mguu", Brayo aulize "nini?", kidole kishazungukwa. Nimefanya hii kazi na watu waliopoteza vidole hivyo hivyo. Anayeshika springi ndiye anayekanyaga. Mguu ukitoka, mashine isimame hapo hapo. Isiposimama mrudishie mwenyewe. Na mtu asiweke jiwe juu ya pedali eti apumzike.

Brayo: 😳 Sasa mimi nitafanya nini?

Mzee Musa: Utafukuza watoto na utaangalia chemba ya mbele kama maji yanashuka. Angalia ukiwa umesimama kando. Usiingie wala usiinamishe kichwa ndani, gesi ya maji taka inaua, na pua huizoea upesi ukadhani imeisha.

Mama Shiru: Nina zile glavu za mpira za kuoshea vyombo, Kevo akuje achukue.

Mzee Musa: Asante mama, lakini hizo avae ndani tu, kwa sababu ya uchafu. Juu lazima ziwe za ngozi. Springi ikikamata mpira au kitambaa inavuta na mkono wote. Hata tambara la kushikia hapana. Mikono mirefu ya shati, cheni shingoni, leso kiunoni, vyote vibaki nyumbani.

Kevo: Sawa. Stima nitatoa kwangu na ekstensheni.

Mzee Musa: Ile yenye plagi uliyovunja pini moja? 😂 Hapo nyuma kumelowa, na stima ya Kenya ni volti 240. Pini zote tatu ziwepo, kiungio kisilale majini. Tumia soketi yenye ile swichi inayojikata umeme ukivuja. Kabla ya kuanza bonyeza kitufe cha kuijaribu. Isipokatika, kazi imeisha hapo. Mikono mikavu, gambuti miguuni.

Baba Halima: Mzee, nilimwona keateka jana akimwaga kostik soda, ile dawa ya kuzibua inayounguza, kwa chemba.

Mzee Musa: Ehe! Hiyo ndiyo ya kusema mapema. Springi ikitoka inarusha matone. Miwani ya kufunika macho kabisa basi, na maji safi karibu ya kunawa. Keateka, usiongeze nyingine.

Keateka: Sawa mzee.

Kevo: Ikikwama narudisha na rivasi, si ndio?

Mzee Musa: Rivasi ni ya kunasua kichwa peke yake. Toa mguu, ngoja dramu isimame kabisa, ndio ubadilishe swichi. Ukikaa kwa rivasi springi inajifunga na kukatika ndani. Na mashine ikae karibu na mdomo wa bomba, kama futi mbili. Ukiiweka mbali springi inaning'inia hewani, hapo ndipo inakupiga. Usiisukume kwa nguvu, iache ijipenyeze yenyewe.

Mzee Musa: Lakini kabla ya kuchanga hata bob moja, Brayo nenda ufunue ile chemba ya nje ya geti. Kama nayo imejaa, hiyo ni laini ya Nairobi Water, tuwapigie wao.

Brayo: Nimeangalia. Ya nje iko sawa, maji yanapita. Uzibe uko kati ya ya nyuma na geti.

Mzee Musa: Basi ni wetu. Kevo leta mashine, lakini nitashika mimi, wewe utasimama nyuma yangu ujifunze.

Kevo: 🙏🏾 Poa Mzee. Mwenye ploti atatoa pesa ya kukodi?

Keateka: Nimemuuliza. Amesoma, hajajibu.

Baba Halima: 😂😂

Keateka: Jumamosi saa mbili asubuhi nafunga maji mpaka Mzee amalize. Wekeni kwa ndoo mapema.

Mama Shiru: Na ndoo zenyewe msizimwage kwa sinki. Nitakuwa nimesimama hapo bafuni.