Waliosoma Sayansi ya Siasa chuo kikuu, nielezeni kabla sijathibitisha

BintiIsevya

Wakuu, habari za jioni. Nipo Tabora mjini, Isevya. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), na majina yametoka nimechaguliwa vyuo viwili. Kimoja ni ualimu wa Historia na Jiografia, kingine ni Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanataka nithibitishe kimoja na siku zinayoyoma.

Nyumbani hatuelewani. Baba analima tumbaku Sikonge. Yeye anasema ualimu ndiyo kazi, hata serikalini ukikosa utafundisha shule ya binafsi. Mjomba ndiye anayenichosha, kila akija anacheka: "Mtoto wa kike unaenda kusomea upiga debe?" Mama hasemi kitu, anaendelea kupima karanga zake.

Mimi niliijaza hiyo kozi kwa sababu napenda kujua kwa nini mambo yanaamuliwa hivi na si vile. Lakini simfahamu hata mtu mmoja aliyeisoma. Naomba waliokaa darasani, siyo waliosikia kwa watu. Mnasoma nini hasa? Hisabati ipo? Kiingereza changu ni cha kujibia mtihani, kwenye kuongea nababaika, nitaweza kweli? Na eti ukiisema vibaya serikali darasani unajitafutia matatizo?

MzeeWaMizigo

Siasa inasomwa sokoni na kijiweni, bure kabisa. Vijana wa hiyo kozi ninao wawili hapa stesheni Kigoma, shahada iko kwenye bahasha nyumbani, wao wanapakia madumu ya mawese. Msikilize baba yako.

MtendajiUvinza

Dada, karibu. Mimi ni mtoto wa Ujiji, nilisoma hiyo hiyo, Siasa na Utawala, na sasa ni mtendaji wa kata huku wilaya ya Uvinza. Chuo sikitaji kwa sababu mengine nitakayosema si mazuri.

Mzee wa Mizigo hajadanganya. Niliomaliza nao wengine wako kwenye bodaboda, mmoja ana stesheneri Mwanga na inamlipa kuliko mimi. Mimi mwenyewe niliuza dagaa Kibirizi muda mrefu kabla sijapita usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Kwa hiyo ajira usiipigie hesabu ya haraka. Ila asikwambie kwamba kinachofundishwa pale ndicho kile cha kijiweni. Kijiweni watu wanajua nani kasema nini jana. Darasani hilo ndilo la mwisho kuulizwa.

Kipindi chetu cha kwanza kabisa, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi, mhadhiri akauliza siasa ni nini. Mikono juu: vyama, Bunge, uchaguzi, kampeni. Akatuacha tumalize. Kisha akaandika ubaoni jina la Mmarekani mmoja, Harold Lasswell, na maneno yake ya mwaka 1936: nani anapata nini, lini, na kwa njia gani. Akasema nendeni mkaitafute siasa mahali ambapo hakuna chama cha siasa, mniletee kurasa tatu. Jamaa wa Urambo akaandika kuhusu mbolea kwenye chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima wa tumbaku: nani anaandikwa kwanza, nani anasimamia upangaji wa madaraja, makato ya mkulima yanapitishwa na kikao gani na waliokosa kikao wanafanyaje. Akatushinda sote tulioandika habari za Bunge. Baba yako akikuuliza unaenda kusomea nini, muulize mkutano wa mwisho wa chama chao cha msingi ulikwendaje. Atakufundisha mhula mzima kabla hajamaliza kula.

Sasa Kiingereza. Cha kuongea utakizoea, kwanza wote mnababaika, hata wale wanaojidai. Kinachotesa ni kuandika. Sisi wa HGL na HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) tumefundwa kwa mtindo mmoja: utangulizi, hoja sita, hitimisho. Ukikariri hoja sita za sababu za Vita vya Majimaji umepona. Kule karatasi ya hoja sita inarudi imechorwa. Kulikuwa na mhadhiri mmoja, mama mtu mzima, hasemi sana, yeye alikuwa anaandika pembeni ya sentensi: "Nani atakataa hili?" Maana yake, kama hakuna mwenye akili timamu anayeweza kubishana na ulichoandika, basi hujasema kitu, umejaza karatasi. Watu walimchukia mwaka mzima. Mimi mpaka leo nikiandika taarifa ya kata kwa mkurugenzi namuona amesimama nyuma yangu.

Nikupe mfano wa huko huko kwako. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano Tabora, ule wa Uamuzi wa Busara. Umeusoma, najua. Wakoloni waliweka kura tatu: kila mpiga kura lazima achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na ili upige kura kuna masharti ya kipato na elimu. Nyerere akawashawishi wajumbe washiriki hivyo hivyo. Zuberi Mtemvu akakataa, akatoka, akaanzisha chama chake cha ANC, siyo ile ya Afrika Kusini. Kidato cha sita unaorodhesha sababu na matokeo, biashara imekwisha. Seminari yetu, yaani kipindi cha majadiliano, iliambiwa hivi: nusu mtetee Nyerere, nusu mtetee Mtemvu, na hakuna kutumia kilichotokea baadaye. Yaani huruhusiwi kusema "lakini TANU ilishinda uchaguzi wa 1958 na 1959", kwa sababu ile Januari hakuna aliyejua. Dada mmoja aliyelelewa kwenye nyumba ya kijani kibichi kabisa, CCM damu, akapangiwa upande wa Mtemvu. Alinung'unika, akaenda kusoma. Siku ya seminari aliuliza kwa utulivu: chama cha watu kinaingiaje kwenye uchaguzi ambao watu wake wengi hawaruhusiwi kupiga kura? Upande wetu tukatafuta jibu, tukawa tunatazamana. Jibu lipo, lakini ilibidi turudi maktaba kulitafuta.

Hapo ndipo nilipoipenda kozi. Kabla ya hapo nilikuwa nafuata bumu tu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi.

Kuhusu kuisema serikali. Darasani tulisema mengi na hakuna aliyeitwa popote. Ila hakuna maksi za kulalamika, kama ambavyo hakuna maksi za kusifia. Nilifika somo la uchaguzi nikakuta Kigoma yetu imo kwenye orodha ya kusoma: hukumu ya Mahakama ya Rufani kuhusu uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa 1994, kesi ya Dk. Kabourou, mgombea aliyepinga matokeo, ambayo ndani yake upendeleo wa Redio Tanzania kwenye kampeni ulijadiliwa. Mimi nimekua nikisikia habari hizo barazani Ujiji, kila mzee na lake. Basi nikanyoosha mkono kwa kifua mbele. Mhadhiri akanisikiliza, akauliza: "Majaji wamesema hivyo ukurasa wa ngapi?" Ndivyo inavyokwenda. Mtandaoni ni habari nyingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, isome kabla hujajifanya mchambuzi kwenye kundi la WhatsApp.

Mabaya: kuna mhula mhadhiri mmoja hakuonekana kabisa, akaja wiki za mwisho na madesa yaliyofotokopiwa mpaka herufi zimepauka. Humo ndani Umoja wa Kisovieti bado upo na unaendelea vizuri. Tukafanyia mtihani hivyo hivyo. Alama za mazoezi za watu kadhaa zilipotea, wakahangaika ofisi kwa ofisi na wengine wakaambulia sapu, mitihani ya kurudia, ambazo hawakustahili. Hifadhi nakala ya kila unachokabidhi, na saini ya aliyekipokea.

Na kama unadhani nadharia hazina kazi, njoo kwenye mkutano wa kijiji huku kwetu siku ya mgogoro wa wakulima na wafugaji. Mimi nimekaa mbele na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 mkononi. Mwenyekiti wa kijiji amechaguliwa, anawaza kura. Pembeni kuna mzee wa ukoo asiye na cheo chochote kwenye makaratasi, na mpaka akohoe ndiyo watu wanakaa kimya. Kuna Mjerumani anaitwa Max Weber aliyagawa mamlaka yanayokubalika kuwa ya jadi, ya karama na ya kisheria. Tulimkariri kwa ajili ya mtihani. Huku nimemkuta mzimamzima, na nimejua kwamba karatasi yangu ndiyo nyepesi kuliko zote pale mpaka mzee yule awe upande wangu. Sasa kabla ya mkutano napita kwake kwanza. Wenzangu wasiopita wanaishia kuita polisi.

Hisabati si ya kutisha, ni takwimu kidogo za utafiti.

MamaCheyo

Mtendaji umesema vizuri, ila hapo kwenye hisabati umemtelezesha mtoto wa watu. "Takwimu kidogo"? Mimi nasoma kwa masafa hapa hapa Tabora, mchana niko kazini, usiku nafungua kitabu watoto wakishalala, na lile somo la mbinu za utafiti ndilo limenitoa jasho kuliko yote. Wenzangu wawili limewakalisha sapu. Mwanangu, usije ukasema hukuambiwa.

Na lina maana yake. Chukua Tume ya Nyalali. Iliundwa 1991 kuuliza Watanzania kama wanataka chama kimoja au vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka kibaki kimoja, na Tume ikapendekeza vingi, na Julai 1992 sheria ikabadilika. Watu barazani wanabishana hapo hapo miaka yote. Kwenye somo la utafiti unaambiwa usianze kubishana, anza kuuliza: waliofika kutoa maoni walipatikanaje? Walisema mbele ya nani? Mtu aliyeishi chini ya chama kimoja tangu ujana wake, akiulizwa mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, jibu lake linapima nini? Hapo hapo unauliza na upande wa pili: aliyepuuza asilimia 80 alitumia kipimo gani? Nilipolielewa hilo niliacha kuamini kila asilimia ninayosomewa kwenye redio.

Lingine ambalo Mtendaji amelipita, na yeye ni mtu wa Kigoma! Uhusiano wa kimataifa. Watoto wa mjini wanadhani ni New York na Umoja wa Mataifa. Sisi tuna Ulyankulu hapa hapa mkoani, watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, wakalima, wakazaa, wakazeeka, na mwaka 2014 wao na wenzao wa Katumba na Mishamo, zaidi ya 160,000, wakawa Watanzania. Nilifanyia kazi swali hilo: mkimbizi anaacha lini kuwa mkimbizi? Kuna bibi mmoja huwa ananiuzia mihogo, nilimuuliza. Akaniambia yeye anajijua ni mtu wa Ulyankulu, hayo mengine waulizwe wenye kalamu. Nikaliandika neno hilo kama lilivyo, msahihishaji akaliwekea alama ya vema.

Kuhusu mjomba: mwache acheke. Wa kwangu walicheka pia, sasa wakitaka kuandika barua ya kupinga mpaka wa kiwanja wananijia mimi.

BintiIsevya

Asanteni sana, shikamoo mama, shikamoo kaka. Nimemuuliza baba habari za mkutano wa chama cha msingi. Kaongea mpaka ugali umepoa, kataja watu, kataja makato ambayo hayaelewi tangu msimu wa juzi. Nikadhani nimeshinda. Kamaliza, kanawa mikono, kasema, "Kwa hiyo ualimu."

Naomba kuuliza kitu kingine. Hiyo seminari ya kusimama mbele na kuwasilisha, kama Kiingereza kimekata katikati unafanyaje? Na Mama Cheyo, hizo takwimu naweza kuanza kuzisoma sasa nikiwa nyumbani? Hisabati niliiacha kidato cha nne, nilipata D.

MzeeWaMizigo

Huyo mzee wa tumbaku nimempenda. Lakini binti, swali la makato ungelijibu ukisomea uhasibu.

MtendajiUvinza

Mkuu, mhasibu atamwambia makato ni kiasi gani. Nani aliyapitisha na kwa nini mkulima hakuwepo, hilo silo la mhasibu. Na vijana wako wa stesheni niunganishe nao, kuna nafasi za watendaji zinatangazwa mara kwa mara na watu hawaziombi wakidhani zina wenyewe.

Binti, kuwasilisha: kikikata, taja jina la mwandishi na hoja yake, vuta pumzi, endelea. Wengi wanakwama kwa sababu wamekariri aya nzima, neno moja likipotea nyumba yote inaanguka. Andika maneno machache kwenye kadi, usiandike sentensi. Halafu kaa na kundi la watu wanaobishana baada ya kipindi, wabishane hata kwa Kiswahili, hoja ikishakaa kichwani Kiingereza kinaifuata chenyewe. Sisi tulikuwa na mtu wa Kasulu, kwenye kundi anatupeleka puta kwa Kiswahili, akisimama mbele sentensi zake fupi fupi kama za mtoto. Alimaliza na GPA ya juu kuliko wale waongeaji.

Kuhusu takwimu namwachia mama, nimeshakemewa.

MamaCheyo

D inatosha kuanzia. Usianze na kanuni, anza na wastani, asilimia na jinsi watu wanavyochaguliwa kuhojiwa, hiyo sampuli ndiyo mzizi. Kikokotoo kile kile cha sekondari kinafaa, usidanganywe ununue cha bei. Nina kitabu changu cha mwaka wa pili, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa lakini sura ya sampuli imepona. Nitumie ujumbe, Jumamosi asubuhi huwa nipo soko kuu, uje na mama yako mchukue. Karanga zake anauzaje debe?