Nimempa mwenzangu riwaya asome, sasa kanyamaza. Naombeni ushauri

Sikitu: Wakuu, habari za muda huu. Niende moja kwa moja. Mwenzangu si msomaji kivile, ila nilimpa Normal People ya Sally Rooney (ya 2018, ile ya Connell na Marianne) nikamng'ang'aniza mpaka akaimaliza. Kaniwekea mezani bila neno. Ila kakunja kona ya ukurasa ule Connell amekosa kazi, kodi ya chumba Dublin imemshinda, anataka kumwomba Marianne akae kwake na mdomo haufunguki. Wanaachana hivihivi. Tangu hapo tunaongea mambo ya kula na kulala tu. Anamaanisha nini?

Mzee wa Kona: Anajiuguza huyo, mwache. Nani ana nakala laini?

Mama Wawili: Mimi niliangalia tamthilia yake ya 2020. Connell alinikera tangu shuleni. Mama yake anafanya usafi kwa kina Marianne, yeye anatoka na binti wa watu kwa siri, halafu sherehe ya kumaliza shule anamwalika mwingine! Nami niliwahi kufichwa hivyo. Tukikutana na rafiki zake naitwa "jirani". Nilipohama kweli, alikuja kulia mlangoni akawakuta wapangaji wapya.

Kalamu Kavu: Pole Mama Wawili 😂 Mtoa mada, vitabu vyote vilivyopo, kwa nini hicho?

Sikitu: Niliupenda mwisho wake tu.

Kalamu Kavu: Mwisho Connell anapata nafasi ya kusomea uandishi New York, Marianne anamwambia aende, yeye atabaki. Unasafiri?

Sikitu: Haya. Nimepata nafasi ya masomo nje. Nilitaka afike mwenyewe pale alipofika Marianne, ndipo nimwambie. Nikianza kwa mdomo tutagombana, namjua. Kitabu hakigombani na mtu.

Kalamu Kavu: Unatakiwa kuwajibu lini?

Sikitu: Nimeshawajibu. Nimekubali. Nafasi hizi hazimsubiri mtu jamani. Na hata Connell aliomba bila kumwambia Marianne.

Mwalimu Mstaafu: Mwanangu, mnasoma habari za watu wasiojua wanachotaka, nanyi mnakuwa hivyohivyo. Sisi tulikuwa tunaketi na kusemezana. Kaa na wazazi wako kwanza.

Bundi: Chai hii! Kitabuni kuna mtu kaomba nafasi kimyakimya, kaipata, mpenzi anabaki. Mtoa mada naye kaomba kimyakimya, kaipata, mpenzi anabaki. Kabadilisha jinsia tu. Kazi ya darasani hiyo, anatukusanyia maoni akayawasilishe kwa jina lake. Na asisahau kuondoa alama za nukuu kwenye mazungumzo, Rooney hatumii.

Mzee wa Kona: Aisee! Na mimi nilishaanza kumhurumia.

Mama Wawili: Bundi kila uzi kwako ni chai. Hata wangu wa jirani ulisema hivyo.

Sikitu: Ningekuwa natunga ningejipa mwanaume anayeongea.

Kalamu Kavu: Chai au si chai, usijifiche nyuma ya Connell. Aliomba kimyakimya, sawa, lakini alipopata alimwambia Marianne kabla ya kukubali. Ndiyo maana Marianne alikuwa na "nenda" ya kusema. Wako umemwachia aseme nini? Tena hakukunja ukurasa wa mwisho unaoupenda wewe. Kakunja wa mtu aliyeshindwa kufungua mdomo. Mimi naona keshajua kuna kitu.

Bundi: Au keshaona barua pepe.

Sikitu: Hawezi, simu yangu ina nywila.

Kalamu Kavu: Dada.

Sikitu: Kaingia sasa hivi. Kauliza kama kuna kitu nataka kumwambia. Nimesema nipo bize kidogo na simu.

Mzee wa Kona: Hiyo simu yenyewe ndiyo sisi.