Naomba ushauri: udongo gani unafaa kwa mfano wa kilima cha kale?

Wakuu habari za leo. Nafundisha historia sekondari huku Mbagala. Kidato cha tatu wanataka kutengeneza mfano wa kilima kikubwa cha Poverty Point, eneo la kale huko Louisiana, Marekani, kwa maonyesho ya shule. Kilijengwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, kimo chake mita 22 hivi, udongo wote ukibebwa na watu. Hakuna toroli, hakuna punda. Na waliojenga hawakuwa wakulima, walikuwa wawindaji, wavuvi na waokota matunda. (Hapo darasa lililipuka, maana tumezoea kufundisha kilimo kwanza, majengo makubwa baadaye.)

Kinachonikosha ni ushahidi. Wanaakiolojia walipokata kilima hawakuona michirizi ya mvua wala mizizi ya majani katikati ya tabaka, na kule mvua si haba. Ndiyo maana wanakadiria kazi iliisha ndani ya miezi michache tu. Nataka watoto walione hilo: vilima viwili, kimoja kijazwe siku moja, kingine kinyeshewe kila baada ya tabaka, halafu tuvikate katikati kwa panga.

Shida udongo. Wa hapa shuleni ni kichanga, ukikauka unaporomoka wenyewe. Nichanganye na mfinyanzi wa Pugu? Karai ngapi kwa ngapi? Na mvua niigize kwa keni ya kumwagilia maua, au nisubiri vuli? Mafundi matofali na mliosoma akiolojia pale Mlimani, naombeni mwongozo. Bajeti yenyewe ni ya kuungaunga.