Naomba ushauri: kioo cheusi baada ya kuweka draiva ya Nvidia kwenye Ubuntu

Habari zenu wakuu. Nina stesheneri ndogo hapa Kirumba, Mwanza, na kompyuta ya kazi inatumia mfumo wa Ubuntu 24.04. Juzi niliweka draiva ya Nvidia (programu ya kuendesha kadi ya picha); tangu hapo nikiwasha, nembo inatokea halafu kioo kinabaki cheusi. Nikibonyeza Ctrl+Alt+F3 napata sehemu ya kuandika amri, kwa hiyo mfumo wenyewe uko hai. Nikiongeza nomodeset (amri ya kuwasha bila draiva kupanga kioo) kwenye GRUB, ile menyu ya kuwashia mfumo, inafunguka, ila maandishi yanakuwa makubwa mno na kila kitu kizito.

Secure Boot (ulinzi wa kompyuta wakati wa kuwaka) imewashwa, nahisi inaikataa draiva isiyo na saini. Niizime, au nisajili ufunguo wa MOK, yaani ufunguo wangu wa kuidhinisha draiva? Au niiondoe draiva nirudi nouveau, draiva huria ya kadi za Nvidia? Kuweka mfumo upya siwezi, ripoti za wanafunzi zimo humo na wanazisubiri.