Mjadala: Mtawala akishindwa kazi, wapi anaondoka mapema, Uingereza au Marekani?

Mleta mada (Morogoro):

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Uraia sekondari. Wiki iliyopita tukiwa kwenye mada ya mihimili ya dola, binti mmoja wa kidato cha tatu alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, kama Marekani ilitawaliwa na Uingereza, mbona haina Waziri Mkuu?" Kengele ikalia kabla sijamjibu vya kutosha. Swali limenikaa kichwani tangu siku ile, na kadiri ninavyolitafutia jibu ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba Waingereza wamewazidi Wamarekani katika jambo moja kubwa: kumwondoa mtawala aliyeshindwa kazi. Naleta hoja, anayepinga aje na ushahidi.

Nianze na swali la mwanafunzi. Makoloni 13 yalipojitangazia uhuru mwaka 1776, Uingereza yenyewe ilikuwa bado safarini. Robert Walpole, anayehesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza, aliongoza serikali kuanzia 1721 hadi 1742, lakini cheo chake hakikuwamo katika sheria yoyote, na Mfalme George III bado alikuwa na sauti kubwa katika kuteua mawaziri. Wajumbe 55 waliokutana Philadelphia mwaka 1787 kuandika katiba ya Marekani walipotafuta umbo la mkuu wa dola, umbo walilolijua lilikuwa la mfalme. Wakamvua urithi, wakampa muhula wa miaka minne, wakamwekea Kongresi, yaani bunge, ya kumbana. Wakamwachia kura ya turufu, uamiri jeshi mkuu, uteuzi wa mawaziri na uwezo wa kusamehe wafungwa. Ukimtazama vizuri rais wa Marekani, unamwona mfalme wa karne ya 18 anayepigiwa kura.

Waingereza hawakusimama pale. Jeshi lao liliposalimu amri Yorktown, katika vita ya uhuru wa Marekani, mnamo Oktoba 1781, wabunge waliacha kumwamini waziri mkuu wa vita ile, Lord North, na Machi 1782 akajiuzulu ingawa mfalme alitaka abaki. Desturi ikaanza kuota mizizi: anayetawala ni yule ambaye baraza la chini la bunge linamkubali, na likimkataa anafungasha. Yaani bunduki za Wamarekani ndizo zilizosaidia kuzaa desturi hiyo London, na miaka mitano baadaye Wamarekani wenyewe wakaunda serikali isiyokuwa nayo!

Sasa tazameni matokeo. Liz Truss aliingia Septemba 2022. Tarehe 23 mwezi ule ule serikali yake ikatangaza kupunguza kodi kwa mabilioni bila kueleza pengo litazibwa na nini, pauni ikaporomoka, na baada ya siku 49 madarakani hakuwa tena waziri mkuu. Margaret Thatcher alikuwa ameshinda chaguzi tatu, na bado Novemba 1990 wenzake wa chama walimwondoa. James Callaghan aliangushwa Machi 1979 kwa kura 311 dhidi ya 310. Kura moja! Na ninaoupenda kuliko yote ni mfano wa Neville Chamberlain, Mei 1940: alishinda kura bungeni, 281 kwa 200, lakini makumi ya watu wa chama chake walimpinga au walikataa kupiga kura, akaelewa. Tarehe 10 Churchill akashika nafasi yake, siku ile ile majeshi ya Hitler yanaingia Uholanzi na Ubelgiji. Nchi ilibadili kiongozi katikati ya vita bila kumwaga damu na bila kusubiri muhula uishe.

Marekani je? Marais watatu wameshtakiwa na baraza la wawakilishi: Andrew Johnson 1868, Bill Clinton 1998, Donald Trump mara mbili, 2019 na 2021. Seneti haijamwondoa hata mmoja. Johnson alipona kwa kura moja, 35 dhidi ya 19 wakati zilihitajika 36. Oktoba 1919 Woodrow Wilson alipigwa na kiharusi akapooza upande mmoja, na akabaki rais hadi Machi 1921, mkewe na daktari wakichuja nani wa kumwona. Mtu hawezi kazi, nchi nzima inasubiri kalenda.

Karibuni.

Mchangiaji (Nairobi):

Mwalimu, historia yako nimeipenda, lakini umeruka swali muhimu: nani anayemwondoa? Truss hakuondolewa na wananchi. Wala hawakumweka. Aliingia kwa kura 81,326 za wanachama wa chama chake, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 60. Aliyemfuata, Rishi Sunak, hata hizo hakupigiwa, maana wagombea wenzake walijitoa. Kati ya uchaguzi wa 2019 na ule wa 2024 Waingereza walitawaliwa na mawaziri wakuu watatu, na ni mmoja tu aliyewaomba kura. Huo mlango wa kumtoa mtawala unaousifu unafunguliwa na kufungwa na chama.

La pili: huyo waziri mkuu kabla hajaondolewa nani anamzuia? Julai 2024 chama cha Labour kilipata takriban theluthi moja ya kura na kikachukua viti 411 kati ya 650. Kwa wingi huo serikali inapitisha karibu kila inachotaka. Hakuna katiba moja iliyoandikwa ya kuibana, na hakuna mahakama inayoweza kuifuta sheria ya bunge. Lord Hailsham, aliyekuwa kiongozi wa mahakama wa Uingereza, mwaka 1976 aliuita mfumo wao udikteta wa kuchaguliwa, na alikuwa mtu wa ndani. Marekani, tangu shauri la Marbury dhidi ya Madison mwaka 1803, jaji anaweza kuiambia Kongresi na rais kwamba sheria yao ni batili. Kugusa katiba kunahitaji theluthi mbili za mabaraza yote mawili na kukubaliwa na majimbo 38 kati ya 50. Ndiyo maana marekebisho ni 27 tu tangu 1789. Mimi ni mwanasheria, na nchi ninayotoka imeonja utawala wa wingi wa bunge ukibadili katiba kwa siku moja. Mwaka 1982 Kenya iliwekewa chama kimoja kwa njia hiyo. Niachie kufuli, hata kama zinachelewesha.

Mchangiaji (Minneapolis):

Ndugu zangu, mimi naishi ndani ya hizo kufuli, naomba niseme zinavyoonekana ukiwa chini. Oktoba mosi 2025 serikali ya shirikisho ilifungwa kwa sababu Kongresi haikukubaliana juu ya bajeti. Ikakaa hivyo siku 43, ikavunja rekodi ya siku 35 za 2018 na 2019. Jirani yangu ni mtumishi wa serikali hiyo. Alikwenda kazini kila asubuhi bila mshahara, na jioni anakuja kwetu watoto wale pamoja. Ilipofika Novemba msaada wa chakula nao ukayumba. Jambo lililoniumiza zaidi ni kwamba hakuna aliyepoteza kiti. Rais anasema ni wao, wao wanasema ni rais, na wote wana muhula wao.

Uingereza jambo hili haliwezi kutokea kwa namna hiyo. Bajeti ya serikali ikikataliwa na baraza la chini, serikali imeanguka, mnakwenda kwenye uchaguzi. Waliwahi kukwama kidogo mwaka 1909, Baraza la Malodi, yaani baraza la juu, lilipoikataa bajeti ya waziri wa fedha Lloyd George. Wakafanya chaguzi mbili ndani ya mwaka 1910, na 1911 ikatungwa sheria ya kuwanyang'anya malodi uwezo wa kuzuia fedha. Mgogoro ukaamuliwa na wapiga kura, tena ukatatuliwa moja kwa moja. Huku kwetu unarudi kila baada ya miaka michache, na wanaoulipia ni watu kama jirani yangu.

Mwanasheria anasema kufuli zinachelewesha. Anayecheleweshewa ni nani?

Mchangiaji (Mombasa):

Shikamooni wakubwa. Mimi naona mnapita pembeni ya jambo lenyewe, nalo ni haya, yaani aibu. Chamberlain aliondoka kwa kuwa aliona haya kubaki. Kura alishinda! Hakuna sheria iliyomlazimisha. Mfumo mzima wa Uingereza umejengwa juu ya mtu kujua wakati wake umefika. Akija asiyejua?

Alikuja. Mwaka 2019 Boris Johnson alimshauri Malkia alisimamishe bunge wiki tano huku tarehe ya kujitoa Umoja wa Ulaya ikikaribia. Kwa desturi Malkia hakatai ushauri wa waziri mkuu wake, akakubali. Septemba 24 majaji 11 wa Mahakama ya Juu, wote kwa kauli moja, wakasema kusimamisha huko ni batili. Shukrani kwa mahakama. Lakini mahakama hiyo ilianza kazi 2009 tu, na hadi asubuhi ya hukumu watu walikuwa wakibishana kama inaruhusiwa hata kulisikiliza shauri hilo. Kanuni ambayo haikuandikwa popote utaitetea kwa karatasi gani?

Mleta mada (Morogoro):

Huyu wa Mombasa amenigusa pale nilipokuwa nakwepa. Nakubali: mlango wa Waingereza unategemea haya, na mwenye macho makavu anaweza kuuziba. Hata hivyo malizia habari ya Johnson. Julai 2022 makumi ya mawaziri na wasaidizi wao walijiuzulu ndani ya siku tatu, hadi akakosa watu wa kuendesha nao serikali. Haya zake ziliisha, za wenzake zikabaki. Waziri wa Uingereza kwa kawaida ni mbunge na ana jimbo lake la kulirudia, hivyo anaweza kumwambia bosi hapana. Waziri wa Marekani anamtegemea rais kwa kila kitu, akijiuzulu anakwenda nyumbani.

Kwa mwanasheria: hoja ya kuingia bila kura hata Marekani ipo. Gerald Ford alikuwa rais kuanzia Agosti 1974 hadi Januari 1977 na hakupigiwa kura na taifa, si ya urais wala ya umakamu. Kuhusu kuzuia wingi wa bunge nakupa haki yako. 1982 siwezi kuibishia.

Niongeze la nyumbani, kwa kuwa linatuhusu. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961 kwa mfumo wa London, Nyerere akiwa Waziri Mkuu anayekaa bungeni. Mwaka mmoja baadaye, siku ile ile, tukawa jamhuri yenye rais mtendaji. Tukabaki na mawaziri ndani ya bunge kama Waingereza, lakini mkuu wao tukamtoa nje kama Wamarekani. Kwa maoni yangu tulichukua rais asiyeweza kuangushwa kwa kura ya kutokuwa na imani, na bunge lililojaa mawaziri wake. Anayeweza kuangushwa kwa kura hiyo ni Waziri Mkuu, ambaye madaraka makubwa hayako kwake.

Swali langu la awali bado halijajibiwa. Nitajieni rais mmoja wa Marekani aliyeondolewa kwa kushindwa kazi. Nixon msinitajie, yule alikimbia kosa: Mahakama ya Juu ya Marekani iliamuru atoe kanda za mazungumzo, na Agosti 9, 1974 akaondoka kabla hajashtakiwa.

Mchangiaji (Nairobi):

Hayupo, Mwalimu. Na nitakuambia kwa nini, hata kama linakusaidia wewe. Septemba 8, 1787, pale Philadelphia, rasimu ilitaja uhaini na rushwa kuwa sababu pekee za kumwondoa rais. George Mason wa Virginia akasimama kusema hazitoshi. Akatoa mfano wa Warren Hastings, gavana wa Waingereza kule Bengal, aliyekuwa akiandamwa na bunge la London wakati ule ule, akasema mtu wa namna hiyo angepona. Akapendekeza liongezwe neno moja: uongozi mbovu. James Madison akapinga, kwamba neno pana hivyo litamfanya rais akae kwa hisani ya Seneti. Mason akaliondoa, wakaweka "makosa mengine makubwa na maovu" badala yake. Siku tisa baadaye, wenzake 39 walipotia saini katiba, Mason alikataa kutia yake.

Kwa hiyo mlango unaoutafuta ulipendekezwa Marekani, ukajadiliwa, ukakataliwa mchana kweupe, na aliyeukataa aliogopa rais dhaifu kuliko rais mbovu. Mimi bado niko upande wa Madison. Mwambie binti yule wa kidato cha tatu amsome Mason.