Mrejesho: Viporo vyangu vya vitabu, muvi na gemu

Wakuu, niliwauliza nianzie wapi na viporo vyangu, yaani vitu nilivyolundika bila kuvimaliza, wengi mkasema nishike kimoja tu. Nikashika kitabu cha hadithi, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza, mzee wa kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, aliyemaliza mswada kwa Kikerewe 1945, kikaja kuchapwa kwa Kiswahili 1980. Kinene kweli, ila kwenye meli ya kwenda Nansio, huko huko Ukerewe, mtandao ukikata katikati ya ziwa utafanyaje? Pale Myombekere anapotozwa pombe ya ndizi ukweni ili arudishiwe mke, nilicheka hadi abiria wa pembeni akaomba aone. Muvi nimefuta nyingi bila huruma. Gemu bado, wadogo zangu hawaachii padi. Aliyeshauri nisilazimishe nisichokipenda, soda yako ipo Kirumba, Mwanza.