Naomba ushauri: pikapu za gitaa kwa bluzi na roki ya zamani, niko Mtwara

SoloMikindani:

Wakuu habari za majukumu. Naombeni msaada, hasa nyie mnaoyajua magitaa mpaka ndani.

Nina gitaa la solo la umeme, umbo la Stratocaster (Strat) ila si la kampuni ya Fender, ni nakala ya Kichina yenye pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) tatu za koili moja. Shingo imenyooka, tyuni haipotei, mkono umeshalizoea, kwa hiyo kuliuza sitaki. Tatizo ni sauti. Bendi yetu hapa Mtwara inapiga dansi la zamani siku za kawaida, halafu wikiendi kuna hoteli upande wa Shangani wanataka bluzi na roki ya miaka ya sitini na sabini. Kwenye dansi najitahidi, solo inasikika vizuri. Nikishawasha distosheni (ile sauti ya kukwaruza ya roki), pikapu ya darajani, kule nyuzi zinakofungwa, inakuwa kali mpaka inachoma sikio, nyembamba, haina nyama. Nikiongeza gein, yaani nguvu ya distosheni, inapiga mluzi. Na muda wote kuna mvumo, hata kama sijagusa nyuzi.

Ninachotafuta ni ile sauti ya mpiga bluzi B.B. King, noti moja inaimba na kukaa. Au Eric Clapton wa mwaka 1966, alipokuwa kwenye bendi ya John Mayall. Ila sauti safi ya dansi nisiipoteze, maana ndiyo inayonilisha.

Bajeti laki tatu. Nichukue seti ya pikapu tatu au moja ya darajani? Hambaka (pikapu ya koili mbili), koili moja au P-90? Kuna jamaa kaniambia nitafute yenye nguvu kuliko zote ili distosheni iwe nzito. Amplifaya ni ya transista, wati 20. Natanguliza shukrani.

Mtu wa Nachingwea:

Mkuu, usitupe hela kwenye pikapu. Tafuta amplifaya. Wati 20 za transista na spika ndogo, hata ukifunga pikapu za gitaa la Hendrix mwenyewe, distosheni itatoka kama nyuki kwenye kopo. Clapton unayemtaja alikuwa na gitaa la Gibson Les Paul kwenye amplifaya ya Marshall ya taa (vali), imefunguliwa kwa nguvu studioni. Nusu ya sauti ile ni ya Marshall.

Fundi Waya:

Hapo juu kuna ukweli, lakini laki tatu haipati amplifaya ya taa, na mluzi anaousema haujatoka kwenye amplifaya. Mkuu Solo, una matatizo matatu na umeyafunga kwenye furushi moja. Tuyafungue kabla hujatuma hela kwa mtu.

Mvumo kwanza. Pikapu ya koili moja ni waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara kwenye sumaku, kwa hiyo inanasa kila kinachotoa uga wa sumaku karibu yake: transfoma ya amplifaya, friji ya kaunta, taa za tyubu. Umeme wetu ni hezi 50, ndiyo ile sauti nzito unayoisikia. Simama mbele ya amplifaya kisha ugeuke polepole na gitaa. Mvumo ukipungua ukifika upande fulani, hiyo ni tabia ya koili moja, gitaa si bovu. Halafu shika nyuzi kwa mkono. Mvumo ukishuka, sawa. Ukiongezeka, kuna waya umegeuzwa, mara nyingi kwenye jeki. Mwisho weka swichi katikati ya pikapu mbili, ya kati na ya darajani. Kama ya kati imesukwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa, mvumo unakatika hapohapo.

Pili, ukali. Hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela. Fungua kibao cha mbele usome maandishi mgongoni mwa poti (vile vipinga vinavyozungushwa na nobu) za voliumu na toni. Nakala nyingi za bei ndogo zinakuja na B500K. Poti ya 500K imezoeleka kwa hambaka. Koili moja hufungwa 250K, kwa sababu poti kubwa inaachia sauti kali yote ipite bila kuilegeza. Ukikuta 500K, nenda kwa fundi redio yeyote hapo sokoni, mwambie akupe rezista ya kiloomu 470, ailehemu kwenye poti ya voliumu, kutoka mguu unaopokea waya wa swichi kwenda mguu uliofungwa na ardhi. Hizo mbili zikikaa sambamba zinakupa kama 242, ni sawasawa na poti ya 250K. Rezista ni hela ya andazi, na ukichukia unaitoa.

Jambo jingine watu hawaambiwi: kwa ufungaji wa asili wa Strat, pikapu ya darajani haina toni kabisa. Nobu mbili za toni ni za shingoni na za kati. Kwa hiyo unahangaika kuzungusha toni na ile inayokuchoma haiguswi. Ongeza kipande kimoja cha waya kwenye swichi, toni ya mwisho ikamate na darajani. Ukiishusha ikafika saba au sita, utashangaa.

Tatu, mluzi. Hiyo ni pikapu yenye koili zilizolegea, zinatetemeka zenyewe kama maikrofoni. Washa gein, gonga kichwa cha pikapu kwa mpini wa bisibisi. Ukisikia "tok" kubwa kwenye spika, umepata jibu.

Na huyo jamaa aliyekwambia utafute yenye nguvu kuliko zote, mshukuru, ila usimfuate. Hambaka ya kwanza ya Gibson, ile aliyoibuni Seth Lover mwaka 1955 na ikaanza kuwekwa kwenye Les Paul mwaka 1957, ukiipima kwa mita inasoma kiloomu 7 hadi 9 tu. Ndiyo iliyopiga karibu roki yote unayoipenda. Pikapu zenye nguvu kubwa zilikuja baadaye, DiMarzio Super Distortion ni ya 1972, kwa watu waliotaka kuisukuma amplifaya ilie mapema. Kwako wewe distosheni inatoka kwenye pedali. Ukiipa pikapu ya kiloomu 16, noti zinabanana, ukilegeza mkono sauti haishuki, ukikaza haipandi. Bluzi ni mkono. Na dansi ndiyo utaliua kabisa.

Gitaa Lindi:

Kaka Solo, mimi nipo Lindi mjini, napiga kwaya na bendi. Gitaa langu lina P-90, nami nitaisemea. Gibson walianza nayo 1946, ni koili moja lakini pana, ina nyama kuliko za Strat na inang'ata vizuri kuliko hambaka. Mpiga bluzi Freddie King alianza kurekodi na Les Paul yenye P-90, sikiliza noti zake zinavyokata. Kwa bluzi sijaona kitu kizuri zaidi. Lakini mvumo ni ule ule, tena kwangu kanisani ni mkubwa kuliko wa Strat ya mwenzangu. Kama kaunta ya hotelini ina mafriji, fikiria mara mbili.

Mzee wa Besi:

Mwanangu Solo, mimi nimepiga besi huku kusini tangu enzi za bendi za mashirika. Fundi Waya amesema vizuri. Naongeza la hewa ya bahari, maana vijana mnalisahau.

Toa vifuniko vya plastiki vya hizo pikapu uangalie vichwa vya chuma. Ukiona kutu, ujue chumvi imeingia. Waya wa ndani una unene wa milimita 0.06 hivi, chini ya unywele wa watu wengi. Kwenye pikapu ambazo waya umezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku, kutu inavimba, inautafuna waya, siku moja unawasha sauti imekuwa hafifu au imekufa. Jasho la mkono linafanya vilevile. Ukimaliza kupiga, futa nyuzi na vichwa vya pikapu kwa kitambaa kikavu, na gitaa lisilale nje ya begi huko Shangani.

Mluzi unatibika kwa nta. Yeyusha mishumaa, changanya na nta ya nyuki kidogo, ile ngumu ya kahawia wanayouza warina asali. Sufuria ya nta ikae ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiiweke juu ya jiko moja kwa moja, maana nta inashika moto. Joto lisipite nyuzi joto 65, plastiki ya koili itajikunja. Tumbukiza pikapu, utaona vipovu vidogo vinapanda kutoka katikati ya waya. Vikiisha, nta imeingia. Toa, futa, acha ipoe.

Mtu wa Nachingwea:

Shikamoo mzee. Hilo la nta sikulijua. Ila bado nasema spika ya inchi nane haiwezi kuimba kama B.B. King, pikapu iwe yoyote.

Mzee wa Besi:

Marahaba mwanangu. Ni kweli. Aombe hoteli wamchomekee kwenye spika kubwa ya nje kama amplifaya inaruhusu.

SoloMikindani:

Shikamoo mzee, na nyote nashukuru. Nimefungua kibao na nimefanya mliyosema.

Poti zote tatu zimeandikwa B500K. Nimelehemu rezista ya 470 kama Fundi alivyoelekeza na kuunga toni kwenye darajani. Wakuu, gitaa limebadilika. Pikapu ya shingoni sasa ni tamu, ile ya bluzi polepole kabisa, na dansi limepata joto bila kupoteza mlio. Mvumo unapungua nikigeuka na nikishika nyuzi, na ukiweka kati na darajani unakatika. Kwa hiyo hapo sigusi.

Darajani ukali umeshuka lakini bado nyembamba, na nikigonga kwa bisibisi inalia "tok" kubwa. Nimeipima kiloomu 6.1, nyingine mbili 5.8. Kwa chini zina sumaku bapa imegundishwa, vichwa ni chuma tu. Jingine, mbao chini ya pikapu ya darajani imechimbwa shimo pana, naona hambaka nzima inaingia. Kibao cha plastiki tu ndicho chenye tundu dogo.

Fundi Waya:

Safi sana, sasa tunanunua kwa macho. Hiyo sumaku bapa ni ya seramiki, ndiyo inayozipa hizi nakala ule ukali wa chuma. Za shingoni na kati ziache, zichovye kwenye nta ya mzee basi. Seti ya pikapu tatu yenye ubora haiingii laki tatu. Moja nzuri inaingia kwa kubana, kwa sababu hambaka ya jina inaanzia karibu dola 100 huko Marekani kabla ya usafiri na ushuru. Iliyotumika kutoka kwa mpigaji wa Dar unayemwamini ni bora zaidi, inapanda basi inakufikia.

Chukua hambaka moja ya darajani, sumaku ya alniko (aloi ya alumini, nikeli na kobalti), kiloomu 8 hivi, yenye waya nne. Seymour Duncan '59 ni ya aina hiyo, na DiMarzio wana zao za mtindo wa PAF, yaani ile hambaka ya kwanza ya Gibson. Alniko 5 inabana besi na kung'aa zaidi, alniko 2 ni laini. Kwa distosheni ya pedali kwenye transista, mimi ningekupa 5, laini sana itazama. Waya nne zinakuruhusu kuzima koili moja ukiwa kati na darajani, sauti ya dansi inabaki.

Kabla ya kulipa, pima kwa rula kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita, hapo pikapu itakapokaa. Ikifika kama milimita 52 au 53, omba ile yenye nafasi pana, Seymour Duncan wanaiita Trembucker na DiMarzio wanaandika F-spaced. Ikiwa karibu 50, ya kawaida inatosha. Kibao usikate mwenyewe, agiza kilichokwisha kukatwa kwa koili moja mbili na hambaka moja, lakini linganisha matundu ya skrubu kwanza, nakala nyingi hazilingani.

Gitaa Lindi:

Na rezista aitoe? Hambaka si inataka 500?

Fundi Waya:

Swali zuri dada. Aiache. Hambaka kwenye 250 inakuwa nyeusi kidogo, na malalamiko yake ni ukali. Akiona imezidi kufunikwa, anaitoa, halafu koili moja anazipoza kwa nobu ya toni.

SoloMikindani:

Nimepima, milimita 52. Nimempata mpigaji wa Kinondoni anayeuza '59 ya Trembucker iliyotumika, waya nne, kaipima mbele ya kamera inasoma 8.2. Tumekubaliana, na ndugu yangu ataikagua kwanza kabla ya kuipandisha basi. Rangi za waya naziunga vipi?

Fundi Waya:

Kwa Seymour Duncan: mweusi uende kwenye swichi. Wa kijani na ule mtupu usio na ganda uende ardhini. Mwekundu na mweupe uviunge pamoja, hapo ndipo utakapochukua waya wa kuzima koili moja, kama hutaki basi zungushia tepu. Usifuate mchoro wa DiMarzio, wao mwekundu ndio wa swichi, na mweusi na mweupe ndio wanaoungwa. Ukishawasha, weka kati na darajani pamoja. Sauti ikiwa ya puani, haina besi, pikapu mbili zinapingana: badilisha mweusi na wa kijani, ule mtupu ubaki ardhini. Urefu anza na milimita mbili na nusu upande wa uzi mnene, mbili upande wa uzi mwembamba, ukiwa umebana freti ya mwisho, kisha ushushe kidogo kidogo mpaka ilingane nguvu na ya shingoni.